Utupa kasingiziwa shemeji, mfereji nilifungua mimi

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi mtu wa nyuzi za mkonge, leo nawaletea uzi wa maneno. Sitii chumvi, hata ya mboga hatuna.

Niko kwenye shamba la Mdachi, huku chini Morogoro. Bwawa la maji machafu ya mashine likijaa, mimi ndiye nafungua mfereji yaende mtoni. Maji ya kijani, yananuka, yakikugusa utajikuna mpaka uchoke.

Kiangazi kile mto ulikuwa umepungua. Nikafungua kama kawaida.

Kesho yake samaki wakaelea mpaka kijijini kwetu. Watoto wakaharisha, mbuzi wakafa.

Sasa sisi Waluguru samaki wakielea, hatuulizi mara mbili. Ni utupa, yale majani tunayotwanga na kumwaga mtoni ili samaki walewe. Na fundi wa utupa ni mmoja, Kibwana, mume wa dada yangu. Wakasema safari hii kazidisha.

Mjomba, mkubwa wa ukoo, akatuita.

"Wallahi Mjomba, mwezi mzima sijatwanga utupa," Kibwana akasema.

Mjomba akanigeukia. "Wewe unashinda kule mashineni. Umeona kitu?"

Wakuu, nilijua. Lakini kule anayelisema shamba anakula viboko hamsa ishirini, na mgongo ni wangu.

"Sijaona kitu, Mjomba."

Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, kwa hiyo kumfukuza hakukuwa na kazi. Kibwana akakunja mkeka wake akaenda kwao Mkuyuni. Dada akabaki na watoto watatu.

Bwawa likajaa tena, nikafungua tena. Samaki wakaelea, na Kibwana hayupo. Watu wakaona wamemwonea, hata Mjomba akaona. Nani atakwenda kumwomba radhi?

Siku hizi dada anachota maji kwenye chemchemi, juu mlimani. Akirudi anapita kwangu, ananimiminia nusu mtungi. Juzi nikashindwa, nikamwambia, "Dada, ni mimi."

"Najua," akasema. "Siku ile Mjomba alipotuita ulikaa karibu yangu, unanuka mkonge kama mto ulivyonuka."

Akamimina maji, akaenda zake.

Nilichojifunza ni kwamba mgongo ungepona. Nimechoka, wakuu, na aibu ninayo. Anayepita Mkuyuni amwambie Kibwana nimekiri, kwa Mjomba bado sijafika. Nanyi semeni, hata mkinitukana nitasoma.

Bwawa limejaa. Kesho asubuhi nafungua.