Dhamana ya Gari na Noti ya Mafuta

Muuzaji alinipigia simu mara ya kwanza nikiwa nimeegesha nje ya hospitali, Malindi, madirisha yote wazi, nimetoka kufundisha na namngoja mama amalize mashine ya kusafisha damu. Alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, wa ile yadi ya Mombasa iliyotuuzia gari. Dhamana tuliyopewa nalo ilikuwa karibu kwisha, akasema, lakini kwa ada ndogo ningeweza kuiongeza kwa miaka miwili. Injini ikifa, giaboksi ikikataa, wao ndio watakaotengeneza. Nikamwuliza: kama gari ni zima, mbona ananiuzia hofu? Na kama si zima, mbona aliniuzia gari? Akacheka kicheko cha mtu ambaye ameulizwa hivyo tangu asubuhi.

Ada ile haikuwa ndogo kwa mwalimu wa shule ya binafsi Muyeye. Hata hivyo sikukata simu.

Gari lenyewe ni mtumba wa Japani, rangi ya majivu, na tulichangishana mimi na dada zangu kulinunua kwa kazi moja tu: kumtoa mama Mambrui na kumfikisha hospitali siku za kusafishwa damu. Kabla yake alikuwa akipanda bodaboda, ameshika buibui kwa mkono mmoja na mgongo wa dereva kwa mwingine. Mama akikosa siku yake, miguu hujaa maji na pumzi hufupika. Gari likizimika darajani Sabaki asubuhi ya mashine, sina ninaloweza isipokuwa kufungua boneti na kutazama. Shahada yangu haikufika huko.

Nilimweleza ami yangu, mdogo wa marehemu baba, anayesimamia mambo ya maziko pale msikitini kwetu. Yeye aliiona dhamana kuwa kamari iliyovaa suti. Unalipia jambo ambalo hujui kama litatokea. Lisipotokea wamekula chako, likitokea umekula chao. Nikamwuliza je, bima ya pikapu yake?

“Ile nimelazimishwa na serikali,” akasema. “Hii umejitafutia mwenyewe. Haya, kesho tuna maiti Muyeye. Utabeba wangapi?”

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo, ingawa wakati ule sikuliona. Kwetu gari likishaingia mtaani si la mtu mmoja. Linakwenda mazikoni, linakwenda kuposa, linamchukua mwenye uchungu wa kuzaa, na hakuna anayeomba kwa maneno mengi. Wala hakuna anayelipa. Lakini hakuna anayeshuka hivihivi. Anaacha noti kwenye kiti, imekunjwa ndogo sana, na wewe unaikuta baadaye. Hiyo ni ya mafuta. Humwoni akiiweka, naye hakuoni ukiichukua, na mkikutana msikitini au dukani hakuna anayeitaja.

Muuzaji alipopiga tena nilikuwa nimeshasoma masharti. Gari lisitumike kubebea watu kwa malipo. Mtu mwingine angesoma, akanyamaza, akalipa. Mimi nikauliza.

“Na mtu akiniachia ya mafuta?”

“Anakulipa?”

“Halipi. Anaacha kwenye kiti.”

Akashusha sauti. “Ndugu yangu, ungeniacha nisijue. Simu hizi zinarekodiwa.”

Alikuwa muungwana. Akanieleza kwamba njia bado ipo: noti zikome, nimhakikishie hivyo, tuendelee. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Ami alipopata habari alicheka hadi kofia ikamdondoka. Watoto wa wenzake, akasema, walisomea majibu. Wetu sisi alikwenda chuo kikuu kusomea maswali.

Nilikuwa nimechoka. Kila asubuhi nilipowasha gari nilisikiliza injini kama daktari asiye na dawa, na usiku nilisoma mtandaoni magonjwa yote ya giaboksi. Nikaamua kuinunua ile dhamana ili angalau nilale.

Abiria wetu wa kudumu alikuwa jirani, mjane na shoga wa mama tangu usichana wao, anayepeleka achari za maembe sokoni Malindi. Siku za mashine alipanda nasi na ndoo zake, na adhuhuri, soko likipoa, alikwenda kukaa na mama hospitali mpaka nitoke shule. Asubuhi moja aliposhuka niliitafuta noti kitini, nikaipata, nikamfuata nayo mpaka kwenye meza yake. Nikamtia mkononi.

“Kuanzia leo ni bure,” nikamwambia.

Wauzaji wenzake walikuwa wakitazama. Aliipokea. Niliondoka nikijiona nimetenda wema na kuokoa dhamana kwa pamoja.

Siku ya mashine iliyofuata tulisimama mlangoni kwake, nikapiga honi. Mkwewe akatoka kusema kwamba ameshaondoka alfajiri kwa bodaboda, na ndoo zake zote.

Nilipotoka shule nilimkuta kitandani anatetemeka. Blanketi lilikuwa sakafuni. Mkono mmoja una sindano, mwingine haufiki chini, na wauguzi walikuwa wamemzunguka mgonjwa aliyezidiwa upande wa pili.

“Nilimwomba huyu jirani wa kitanda anifunike,” mama akasema, “naye amefungwa kama mimi. Tukaishia kuchekana.”

Lakini njiani hakucheka. Aliegemea dirisha, macho amefumba.

“Umemrudishia pesa yake mbele za watu,” akasema.

“Nilitaka kumsaidia, mama.”

“Umemfanya maskini.”

Jioni nilikwenda kwa yule jirani. Alikuwa barazani anakata maembe mabichi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nilikuwa nimepanga kumfafanulia masharti, yadi, simu zinazorekodiwa. Nilipoanza nikasikia jinsi yanavyotoka, nikaacha. Nikamwambia tu kwamba mama leo amekosa mtu wa kumfunika.

Kisu kikasimama.

“Gari lako ni la bure,” akasema. “Mimi si wa bure.”

“Si la bure tena.”

Akanitazama, kisha akaendelea kukata. Nilikaa naye kidogo. Nilipoinuka akanipa chupa ya achari nimpelekee mama, akasema asiile ila aionje kwa ncha ya ulimi, chumvi daktari amemkataza. Nilijua amekubali.

Siku ya mwisho ya mwezi muuzaji alipiga. Nikamwambia hapana. Hakubishana. Alisema ananielewa, na kwamba gari likiharibika nisimlaumu. Nilipoweka simu chini nilijaribu kufikiri ningemlaumu nani, nikachoka kabla ya kupata jibu.

Asubuhi ya mashine jirani alikuwa nje kabla hatujapiga honi. Tulipokaribia daraja ikasikika sauti chini ya gari, mkwaruzo mfupi, kisha tena. Sote watatu tuliisikia.

“Nini hiyo?” mama akauliza.

“Sijui.”

“Enda nalo taratibu,” jirani akasema kutoka nyuma, ameshika ndoo zake kwa mikono miwili.

Tulifika. Aliposhuka sokoni nilitazama mbele, kama inavyotakiwa. Nilimshusha mama hospitali, nikamwona akiingia, ndipo nikageuka kutazama kiti cha nyuma. Noti ilikuwepo. Nikaipeleka yote kituo cha mafuta, kisha nikaegesha pembeni, nikafungua boneti, nikatazama.