Mkanda wa Kitenge cha Sare

Mlio ule bado ninao masikioni: duuum, mzito, halafu mkwaruzo mrefu kama wa meza inayoburutwa. Gitaa la besi la kwaya yetu lilikuwa limedondoka kwenye sakafu ya saruji huku spika inawaka, na kanisa zima likasikia. Tulikuwa katikati ya wimbo, kwenye ile hatua ya kuinama wote kulia. Niliinama na gitaa begani. Niliponyanyuka, lenyewe likabaki chini.

Baada ya ibada mwalimu wa kwaya hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alikaa kwenye benchi, akavua miwani, akafikicha macho.

"Mdogo wangu, gitaa ndilo hili hili tulilonalo," alisema. "Jumapili tumealikwa Ikuti. Likidondoka tena, wewe rudi sauti ya kwanza, besi apige mwingine."

Kaka mmoja wa sauti ya nne akasema besi inataka mtu mwenye mabega. Wakacheka, na mimi nikacheka nao, ndivyo nilivyo. Lakini njiani kicheko kiliniisha. Mimi niliishia darasa la saba. Wiki nzima nachuma chai na kukata majani ya ng'ombe, na katikati ya mistari ya chai vidole vyangu vya kushoto vinabonyeza kamba ya kikapu kana kwamba ni nyuzi. Ningenyang'anywa besi, sijui wiki ingekuwa na nini ndani yake.

Jumatatu, chai ilipokwisha kupimwa, nililifunga gitaa kwenye nailoni nikapanda nalo Bulyaga kwa fundi seremala. Mvua ilikuwa ile yetu ya Tukuyu, haina haraka na haiishi. Mgongo uliniuma, miguu ilikuwa mizito kwa tope. Fundi alishika kile kichuma cha pembeni, kama kifungo cha koti, kinachoshikilia mkanda. Kikacheza. Akakivuta, kikatoka na skrubu yake, na njiti za kiberiti zilizolowa.

"Nani alililisha njiti hili gitaa?" akauliza.

Nilimwambia nililikuta hivyo. Alisema njiti ni laini, na kwa unyevu wa huku zinaoza, skrubu inakosa pa kung'ata. Alisafisha tundu, akachonga kijiti cha mti mgumu, akakipaka gundi ya mbao na kukigongomea humo. Nikaambiwa nirudi kesho. Kesho yake gundi ilikuwa bado mbichi, nikarudi nyumbani mikono mitupu na kuloa tena. Siku ya tatu ndipo alipotoboa upya na kukaza skrubu. Kile kichuma hakikutikisika.

Halafu akauchukua mkanda, akaingiza kidole gumba kwenye tundu lake. Kikapita bila shida.

"Huu tupa," akasema. "Kifungo nimekutengenezea, lakini tundu hili litakuangusha tu."

Hapo ndipo nilipochoka kweli. Mkanda ule ni wa kitenge cha sare yetu. Kitenge kilikuwa kimekwisha dukani, na kina mama hawakutaka mpiga besi aonekane na mkanda mweusi katikati ya sare. Mama mwenyekiti wa kwaya alikata pindo la gauni lake mwenyewe akaushona, tundu akalizungushia uzi kama la kifungo cha shati. Mpaka leo gauni lake ni fupi kuliko la wenzake, na watu wanamtania.

Nilikutana naye nikishuka. Aliniambia pole, akanipangusa maji usoni kwa kanga yake, kisha akauliza polepole, "Mkanda wangu ulikatika?"

"Haukukatika, mama."

"Ndaga, mwanangu," akashukuru kwa Kinyakyusa. "Niliushona kwa uzi wa mara mbili."

Ni kweli, haukukatika. Kilichopanuka ni tundu, na hilo nikashuka nalo.

Jumamosi niliwahi kanisani kabla ya wengine. Nilikuwa na sindano nene, mkanda wa zamani wa suruali ya baba, na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Nilifumua mshono wa kitenge kwa wembe, nikaingiza ngozi ya mkanda wa baba katikati, nikatoboa tundu dogo, la kichuma kupita kwa kulazimisha. Nikashona nikifuata alama za sindano ya mama mwenyekiti, ili akiugusa aone ni ule ule. Nilipouvisha kwenye kichuma, nikakata duara la mpira nikalisukuma juu yake, mkanda usipate njia ya kuchomoka.

Sikuwasha spika. Nilivaa gitaa, nikasimama mahali pangu, nikaimba kimoyomoyo hadi kwenye ile hatua. Nikainama kulia. Nikaachia mikono yote miwili.

Likaning'inia. Nikainama tena, chini zaidi.