Mke wangu hakumtazama mdogo wake

Leo nusura mke wangu ampoteze mdogo wake mara ya pili, kwa kutomtazama tu.

Mwanaisha alitoka Miritini kuja kwetu Kisauni kuomba radhi. Walikosana kwenye harusi ya binti yetu, wasisemezane tena.

Alivua viatu, akaketi mkekani miguuni pa dada yake, kama tulivyolelewa.

"Shikamoo, dada. Nisamehe."

Mke wangu yuko kitini, uso mkavu, macho yameganda ukutani.

"Shemeji, hata jicho hanipi!" Mwanaisha akainuka, akachukua buibui lake.

Nikamzuia mlangoni. "Ngoja, bibi wee! Si kiburi hicho, ni maradhi."

Nanyi wenzangu nawaeleza. Yanafanana na Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, lakini ni mengine, tena nadra. Sehemu za ubongo zinazoongoza macho na mwendo zinakufa polepole. Mgonjwa huanguka kinyumenyume, maneno humjia kwa kuchelewa, na macho hayashuki chini. Dawa ya kuyazuia maradhi haya haijapatikana.

Aliyeketi mkekani, mke wangu hamwoni.

Nikamwekea Mwanaisha kiti, wakaelekeana uso kwa uso. Tukangoja. (Kungoja ndiyo kazi yangu siku hizi.)

"Isha... ndio kwanza... waja?"

Mwanaisha akalia.

Basi mkija kumwona, heshima ya mkekani iacheni. Kaeni mbele ya macho yake, mumngojee.

Na mje upesi. Sauti nayo inakwenda.