Simenti ya Baba

Tangu tumzike baba hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mama alikataa katakata kulitia simenti kaburi lake. Lilibaki tuta la udongo, na yeye akilipalilia kila majani yalipoota. Majirani zetu Warundi walipomshauri alijengee, aliwajibu kwa upole kwamba amani ikirudi kwetu Kivu ya Kusini tutamfukua tuondoke naye, na simenti itatupa kazi bure. Mimi nilikereka kuliona kaburi la baba likiwa tuta tupu, lakini nani angemvunja moyo?

Siku moja tulikuwa mjini Mbarara, mtaa wa Ruti, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tulifuata mabati ya kuezekea kibanda chetu cha biashara kule kambini, pale Misiera. Tukiwangoja wapakizi, nikafungua redio ya simu. Habari zilikuwa za visiwa vya Chagos: Uingereza na Mauritius zilikuwa zikijadiliana nani awe mwenye visiwa hivyo kuanzia sasa. Nilisikiliza nusunusu. Mama, ambaye siasa humchosha, ndiye aliyeniambia niongeze sauti.

Mtangazaji akaeleza kwamba wenyeji wa visiwa hivyo walihamishwa zamani kwa meli, wakatupwa nchi za watu, na wengi wao wanalalamika kwamba kwenye mazungumzo hawakupewa kiti. Hata makubaliano yakipita, kisiwa kikubwa hawatarudi kukaa, maana kina kambi ya jeshi. Akaongeza kwamba kuna waliowahi kupelekwa kwa ziara fupi, wakasafisha makaburi ya wazee wao, kisha wakaondolewa tena.

"Banagawa udongo," mama akauliza polepole, "na benye udongo beko inje?"

"Ndiyo, mama."

"Na bale bakufa, banaenda kubafagilia tu, kisha banabarudisha?"

Nikaitikia kwa kichwa.  Mazungumzo mangapi ya amani ya Kivu yetu nimeyasikia redioni, ya hoteli kubwa za nchi za mbali, nikayashangilia yote kama mjinga! Haikunijia hata siku moja kuuliza nani aliyeketi pale kwa niaba ya mama yangu.

Mwenye duka, Mnyankore mwenye haraka zake, akatoka nje, akamwita mama kwa heshima ya kwao. "Nyabo, mabati iko tayari. Unaongeza kitu?"

"Simenti," mama akasema.

Nikamkodolea macho. Kibanda chetu ni cha mbao na sakafu yake ni udongo mtupu. "Ya nini, mama?"

"Ya papa yako."

Sikuamini. Nikataka kumwambia ni habari za redio tu, za watu wasiotujua, tungoje kidogo.  Lakini alikuwa ameshafungua fundo la kitenge na kuanza kutoa pesa.

"Banaongea mambo ya kwetu bila sisi," akasema. "Abakie huku, fasi naweza kumufagilia bila kuomba mutu ruhusa."