Siku Tuliyosoma kwa Miguu

Maktaba ile ilinukia zulia jipya na karatasi, na ubaridi wa kiyoyozi ulitupokea mlangoni kama maji ya mtungi. Nje, Doha ilikuwa inaungua. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya kiangazi, na uani kwetu Al Wukair hapakuchezeka mpaka jua lizame. Nilikuwa na umri wa miaka minane na sikujua kusoma. Si kwamba sikufundishwa. Kila nilipofungua kitabu, herufi zilipandana kama siafu waliomwagiwa maji, nami nikawa hodari wa kukariri waliyosoma wenzangu. Mwalimu alikuwa amemwonya Mama: nisipoanza kusoma likizo hiyo, ningerudia darasa.

Mama alikuwa muuguzi kutoka Machakos. Siku zake za mapumziko alinishika mkono tukazunguka kutafuta mpango wa kusoma wa likizo. Mahali pa kwanza walinipa mtihani kabla hata sijaketi, nikalia. Pa pili, ndani ya duka kubwa, watoto walishindana kumaliza vitabu na majina yao yakabandikwa ukutani. Mama aliutazama ule ukuta, akanitazama mimi, tukatoka. Ndipo tukafika maktabani. Alitupokea Ustadha Samira, Msudani mrefu mwenye sauti ya taratibu.

"Dada, huyu hasomi kabisa," Mama alimwambia kwa aibu.

Ustadha aliinama akaniuliza mimi, "Unapenda nini?"

"Samaki."

"Basi mlete kesho kutwa," akamwambia Mama, naye akaniandikisha hapohapo.

Tuliporudi, kitambaa cheupe kilikuwa kimetandazwa sakafuni kutoka rafu za nyuma hadi karibu na mlango. Juu yake alichorwa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote baharini, kwa ukubwa wake halisi. Ustadha alituambia kwamba papa hao huogelea katika bahari ya hapahapa Qatar. Kila kiungo kiliandikwa jina lake, kwa herufi kubwa kuliko nyayo zangu.

"Vueni viatu," alisema. "Leo tunasoma kwa miguu."

Nilianzia kichwani. Herufi zile zilikuwa kubwa mno, hazikuweza kunikimbia. Nilikanyaga moja, nikatamka sauti yake, nikavuka hadi nyingine, na sauti zikashikana zenyewe chini yangu zikawa neno. Mdomo. Jicho. Pezi. Nilihisi kama yule samaki ananiambia jina lake mwenyewe. Mwisho wa kitambaa nilitamka "mkia", na mbele yangu alisimama Mama, bado amevaa sare ya kazi.

"Nani amekwambia hapo ni mkia?" aliuliza.

"Hakuna. Pameandikwa."

Mama aliketi palepale juu ya kitambaa, akajifunika uso kwa viganja viwili.

Sikurudia darasa, ingawa mpaka leo nasoma polepole, kidole chini ya mstari. Sasa mipango ya likizo huchaguliwa kwenye simu, na binti yangu Mwende, ambaye naye ana miaka minane, alijichagulia wake kabla sijamaliza kulinganisha: wa Kiarabu, lugha ambayo mimi naisikia tu ikisemwa, siielewi wala siisomi. Juzi alijilaza kando yangu akaanza kusoma kwa sauti, kutoka kulia kwenda kushoto, bila kukwama hata mara moja. Katikati ya ukurasa alisita akanitazama.

"Mama, unaelewa?"

"Sielewi hata neno," nikamwambia. "Endelea."