Unene wa Mama Mkwe

Kwetu Uvira mke hapimwi kwa usafi wa nyumba wala kwa jinsi watoto wake wanavyosoma. Anapimwa kwa mkono wa mama mkwe. Ndugu wa mume wakija kutembea, kabla hata hawajakaa, mmoja wao atamshika mama yao mkono juu ya kiwiko, kama anayemsalimia tu, kumbe anapima nyama. Mkono ukijaa, wewe ni mke mwema. Mkono ukipungua, jiandae kujieleza. Sijui nani aliuleta mtihani huo duniani, lakini ningemjua ningemwambia la moyoni.

Mama mkwe wangu aliteremka kwetu kutoka Lemera baada ya kufiwa na mumewe. Alikuwa mwanamke wa milimani hasa, mkavu, mwenye miguu migumu. Maisha yake yote alikuwa amepanda na kushuka vijia na mzigo mgongoni, akila maharage, viazi vitamu na mboga za majani, na nyama siku ya sikukuu. Mume wangu ni mtoto wake wa kiume wa pekee, na anafanya kazi za forodha bandarini Kalundu. Siku Mama alipofika, mume wangu alimwambia mbele ya majirani: "Mama, kazi iliisha. Sasa ni kukaa tu." Majirani wakapiga makofi.

Naye akakaa. Atafanyaje? Akishika ufagio, mtu anamnyang'anya. Akiinua bidoni ya maji, wapita njia wananitazama mimi kwa jicho baya, kana kwamba nimemfunga bibi wa watu kamba nikamtuma mtoni. Asubuhi alikunywa chai ya maziwa yenye sukari vijiko kwa vijiko, pamoja na mkate. Mchana bugali wa muhogo, mlima mzima, na samaki aliyezama katika mawese. Jioni bugali tena. Katikati ya hapo, wageni. Mgeni wa heshima haji mikono mitupu, na alichoshika mgeni wa heshima ni chupa ya sukre, zile soda nyekundu na za machungwa. Kuikataa sukre ya mgeni ni kumtukana, na Mama hakuwa mtu wa kutukana watu. Alizinywa zote.

Akanenepa. Wifi zangu wawili, dada zake mume wangu wanaoishi Makobola, walikuja wakapima mkono, wakaridhika, wakanipa kitenge cha kunishukuru. Kitenge kizuri, sikatai. Ninacho mpaka leo na sijawahi kukivaa.

Kisha Mama akaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka kulima, yeye ambaye hakuwa ametoka barazani. Akalalamika kuwa macho yana ukungu. Siku moja nikaona kidonda kwenye kidole cha mguu. Hakujua kilianza lini, kwa sababu hakikumuuma. Nilimpakia kwenye pikipiki nikampeleka hospitali, nikiamini tutapewa dawa ya kupaka turudi nyumbani.

Daktari alikuwa mama kijana asiye na maneno mengi. Alimpima damu, akampima na presha, kisha akakaa mbele yetu. "Mama iko na sukari," akasema. "Na tension iko juu. Hii ugonjwa inakulaka muntu polepole. Inakulaka macho, figo, miguu. Dawa nitamupatia, lakini dawa peke yake haitaweza. Bugali ipunguke, sukre iishe, mafuta ipunguke, mboga ikuwe mingi. Na Mama atembee kila siku." Akanigeukia mimi. "Mukikataa, hii mguu tutaikata."

Mama aliuliza swali moja tu: "Kutembea, ni pamoja na kulima?"

"Ni pamoja na kulima."

Alicheka mpaka nesi akachungulia mlangoni. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo nyumbani kwangu, na nilijisikia vibaya kwa furaha yake.

Basi tukaanza. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi kinachoelekea korongoni, kimejaa nyasi na mifuko ya plastiki. Mama alikisafisha mwenyewe, akapanda lengalenga, biringanya na maharage. Asubuhi alikwenda kwa miguu mpaka mwaloni Kalundu kununua ndagala wabichi, wale samaki wadogo wa ziwani, akabishana bei na wachuuzi, akarudi ametoka jasho. Tuliwachemsha na nyanya na kitunguu. Bugali ulibaki, lakini wa kujaa kiganja tu, na chai ikawa ya tangawizi, bila sukari. Ilimchukiza mwanzoni. Alinitania kwamba namlisha kama sungura, nami nilimjibu kwamba sungura wana macho mazuri. Vidonge alivimeza kila siku bila kukumbushwa. Kidonda kikakauka, kikafunga. Ukungu wa macho ukapungua. Tuliporudi kwa daktari, alimpima akamshika mkono kwa kumpongeza.

Hakuna mtu mwingine aliyempongeza. Nguo zake zilipoanza kumpwaya, mtaa mzima ulipata kazi. "Mama ya muntu wa douane iko nalima!" Wenzake mume wangu wa forodha walimuuliza kama mishahara imesimama. Akarudi nyumbani amenuna, akaniambia nilegeze kidogo, watu wanasema. Nikamuuliza hao watu wanaosema, ni miguu yao? Akina mama wa kanisani walikuja na kapu la sukre na mikate ya mafuta, wakamwombea Mama. Wote walifumba macho isipokuwa mmoja, ambaye aliyakaza kwangu toka mwanzo wa sala mpaka amina. Niliyaona kwa sababu na mimi sikufumba. Nilikuwa nalinda kapu.

Kisha wakaja wifi zangu. Mkubwa alimshika Mama mkono juu ya kiwiko, vidole vyake vikazunguka vikakutana, akapiga kelele kama aliyeshika nyoka. Jioni hiyo kikaitwa kikao cha ukoo sebuleni kwangu, wajomba wawili wakaja, na mimi nikakaa kwenye mkeka kama mshitakiwa.

"Weye," wifi mkubwa akaniambia, "unamupatiaka Mama nini?"

Nikaeleza. Nikarudia maneno yote ya daktari. Nikawaonyesha mguu uliopona.

"Kidonda imepona, lakini muntu ameisha," akasema. "Muntu hakondaka bure. Hii ni karuho."

Asiyejua karuho na ajue: ni sumu ambayo watu wa kwetu wanaamini huwekwa kwenye chakula, ikammaliza mtu kidogo kidogo huku akionekana anatembea. Mtu akikonda, karuho. Akikohoa, karuho. Haijalishi alikula nini miaka yote kwenye meza yake mwenyewe. Tunatafuta mkono wa mtu. Na mkono wa karibu kabisa ni wa anayepika. Nilielewa hapo hapo kwamba nimeitwa mrozi, yaani mchawi, nyumbani kwangu, na watoto wangu wakisikia nyuma ya pazia.

Mama alijaribu kunitetea. "Minye siko mugonjwa," akasema. "Minye iko muzima. Ninasikia miguu yangu."

"Munasikia?" wifi akawageukia wajomba. "Ndivyo karuho inafanyaka. Inakamataka mpaka akili."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Akisema anaumwa, ni ushahidi. Akisema mzima, ni ushahidi. Nilimtazama mume wangu aseme neno, yeye aliyeona kidonda kikifunga kwa macho yake. Alikuwa anatazama simu. Nimeishi naye miaka mingi, ni mtu mwema, hanipigi, hanywi, na siku ile ningeweza kumtupia sufuria.

Walimchukua kesho yake wakampeleka kwao Makobola. Nilifunga vidonge kwenye kitambaa pamoja na karatasi ya daktari. Baadaye nilikuja kujua kwamba mganga waliyemwita huko alivitupa, eti havipatani na dawa yake. Alimtapisha Mama mpaka akalegea, akaokota katika matapishi kitu cheusi, akakionyesha, na familia nzima ikatetemeka. Baada ya hapo ikaanza kazi ya kumrudishia mwili. Na hapa sitawasingizia: walimpenda. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Walimchinjia mbuzi. Walimpa bugali mpaka akaomba wamwache. Kila aliyemtembelea alileta sukre. Jembe aliombwa asahau kabisa kwamba kuna kitu kama hicho.

Simu zikawa zinakuja kwa mume wangu: Mama ameanza kurudilia mwili. Wakatuma picha, mashavu yamejaa, kitambaa kipya kichwani. Mume wangu alinionyesha kama anayenisamehe. Nikamwambia awaombe picha ya miguu. Waliuliza miguu ya nini. Nikaomba tena mwenyewe, hawakujibu.

Nilipanda pikipiki nikaenda Makobola bila kuaga mtu. Nilimkuta Mama amekaa ndani, mguu mmoja umefunikwa na kitenge. Harufu niliipata mlangoni. Wifi mdogo alinipokea kwa adabu, akaniambia ni kidonda kidogo, mganga anakiwekea majani, la muhimu ni kwamba Mama anakula. Niliinua kitenge. Kidole chenyewe hakikuwa tena na rangi ya mtu.

"Nilibaambia," Mama akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Banasema nitulie, nikule."

Sikumbuki maneno niliyotumia kwenye simu na mume wangu. Wifi zangu wanayakumbuka, na wanayarudia kwa watu mpaka leo. Lakini alikuja na gari kabla ya jioni, na safari hii hakushika simu njiani. Hospitalini, yule yule daktari alifungua majani, akanitazama. Hakuniuliza chochote, nami nilitamani aniulize. Walimkata chini ya goti.

Alipopata nguvu ya kuondoka, ukoo ulikutana tena, kando ya kitanda chake. Wifi mkubwa alikuwa amelia mpaka macho yamevimba, na alilia kweli. Alisema karuho ilikuwa imeshashuka mguuni, ndiyo maana, na kwamba bila mganga ingefika moyoni. Wajomba wakaafiki kwa kichwa. Akasema Mama arudi Makobola, ale vizuri, apate damu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mdomo umefungwa kwa hasira, kwa sababu nilijua nikiufungua nitatoa kitu kisichorudishika.

Ni mume wangu aliyeinama, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza tangu mwanzo: "Mama, weye unapenda kwenda wapi?"

Mama aliwatazama binti zake mmoja mmoja, bila ukali wowote.

"Ninarudilia kwa ule mwenye kuninyimaka chakula," akasema.

Wifi mdogo alianza kukunja nguo za Mama na kuzitia kwenye mfuko.

Tulifika nyumbani kabla ya magharibi. Gari liliposimama, majirani walijaa dirishani kabla sijafungua mlango, na walichokiona kwanza kilikuwa uso, mashavu na ile mikono miwili minene iliyoshika kiti cha mbele. "Mama amenenepa!" mmoja akaita, na mwingine akapiga kigelegele. Yule mama wa kanisani, aliyenikazia macho wakati wa sala, alinishika bega kwa furaha ya kweli. "Mungu asifiwe, dada," akaniambia. "Sasa unamutunza."

Tulimshusha watu watatu. Walipoona mahali mguu ulipoishia, walitoa pole, wakamlaani mrozi asiyejulikana. Yule mama akanyoosha mikono amsaidie, na nikaona anavyomshika, juu kidogo ya kiwiko, na vidole vyake vikishindwa kukutana. Alinitabasamia. Siku hiyo hakuna aliyenishuku.