Kibao Chini ya Mashine

Walimwita Bwana Harusi, ingawa harusi yenyewe ilishasahauliwa hata na waliokula wakashiba. Jina lilimganda kwa sababu tangu siku ile hakuwahi kutoka nyumbani kwa wakwe. Walipewa chumba cha pembeni, ukuta kwa ukuta na chumba cha baba mkwe, "mpaka mjipange," na kujipanga kukagoma. Ukuta huo ulipitisha kila kitu: kikohozi cha mzee, redio ya mzee, mzee akijisifu kwa mgeni. Mkewe alijifunza kugombana kwa kunong'ona. Alichotaka mwanamke huyo duniani ni jiko lake mwenyewe, asimame humo aimbe ovyo bila mtu kumuuliza kuna nini.

Bwana Harusi aliendesha mashua ya mzee, akivusha saruji na matofali kwenda ng'ambo, ambako kila mtu alikuwa anajenga isipokuwa yeye. Na mashua yenyewe ilikuwa balaa. Mzee alinunua mashine ya kuning'inia nyuma, yenye mguu mrefu unaoshika propela, akaipachika kwenye mashua yenye ubao mfupi wa nyuma, kwa hiyo mguu ulizama mno, ukaburuza maji na kuyarusha juu, na usukani ukawa mzito kama mlango uliovimba. Halafu propela. Aliichagua mwenyewe dukani, propela ya mbio, yenye mapanga yaliyopinda sana, akaipaka rangi nyekundu kwa mkono wake. Propela ya namna hiyo hukata maji mengi kwa kila mzunguko. Inaifaa mashua nyepesi. Chini ya shehena ya saruji mashine ililemewa, ikanguruma tu bila kuufikia mwendo wake. Bwana Harusi aliyajua hayo yote. Ila utamwambiaje baba mkwe kwamba amekosea mara mbili, nawe unalala chini ya paa lake?

Siku moja wakiwa wanakula, mkewe akasema wanataka kuhama. Baba yake hakukasirika. Alijibu kwamba mashua ikiweza safari mbili kabla ya adhuhuri, ataajiri dereva, nao wakatafute kwao kwa baraka zake. Aliyasema mbele ya mama mkwe na mashemeji wote, kisha akaendelea kutafuna kwa raha zake, maana mashua ile safari moja tu iliimaliza asubuhi nzima.

Mzee alipokwenda kumjulia hali dada yake, Bwana Harusi hakulaza damu. Alitafuta kibao cha mbao ngumu, akakiweka chini ya vibano vinavyoibana mashine kwenye ubao wa nyuma, ikainuka mpaka bamba lililo juu ya propela likawa sawa na chini ya mashua. Akapakia, akatoka kujaribu. Alipokata kona mashine ikapiga yowe, dalili kwamba propela inavuta hewa badala ya maji. Akakipunguza kibao kwa randa, akajaribu tena, ikatulia. Kisha akaivua propela ya mzee, akafunga nyingine kuukuu aliyoipata kwa fundi, yenye mapanga yaliyolala, inayokata maji kidogo kidogo lakini inayosukuma mzigo bila kuchoka. Mwisho akaipaka nyekundu, ifanane na ile. Hapo alijiona mjanja kweli.

Mashua haikuwa ile tena. Mzee aliporudi alikuta safari mbili zimekwisha na jua bado halijafika utosini. Akawaambia majirani kwamba chombo kilihitaji kuzoea tu, na kwamba propela aliichagua yeye. Bwana Harusi akamwachia sifa hizo. Mkewe alikuwa ameshaanza kufunga vyombo kwenye magazeti, akiimba, tena kwa sauti.

Asubuhi moja wakakuta matofali yamepangwa uani, kando ya chumba chao, na mzee anapigilia vigingi. Alisema anawaongezea chumba kingine, na jiko humohumo. Habari ya dereva aliifuta. Mashua inakwenda kwa sababu ya mkono wa mkwewe, na mkono huo ataupata kwa nani mwingine?

 Bwana Harusi alibakiwa na njia moja tu ya kutokea, nayo ilikanyaga heshima ya mzee. Alimtazama mkewe, aliyesimama mlangoni na sahani iliyofungwa nusu, akajikaza.

"Baba, si mkono wangu. Niliinua mashine kwa kibao, nikabadilisha propela pia. Yako iko uvunguni kwangu. Sasa mtu yeyote ataiendesha."

Aliisubiri ghadhabu. Aliitamani, maana anayefukuzwa haombi ruhusa. Mzee aliendelea kufunga kamba kwenye kigingi.

"Siku niliporudi ulinimiminia maji ya kunawa," alisema. "Kucha zako zilikuwa nyekundu."

"Kumbe baba ulijua?"

"Nilijua. Kibao kitaoza, propela itapinda. Huyo wa kuajiriwa atajuaje la kufanya? Mimi mwenyewe nilishindwa, mwanangu. Wewe huendi popote."

Aliyasema kwa upendo, na huo upendo ndio uliomvunja nguvu Bwana Harusi. Angetukanwa, angeondoka siku hiyohiyo. Nyuma yake alisikia gazeti likifunguliwa taratibu na sahani ikirudishwa mahali pake.

Mzee akamnyooshea ncha ya kamba ya kupimia msingi.

"Shika hapo. Vuta, isilegee."

Akashika, akavuta.